Wanaosomea Kubuni Vifaa Wafundishwe Kwanza Maisha ya Watumiaji



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni mafunzo wanayopata vijana wetu wanaosomea kubuni vifaa vya viwandani. Nina maana ya wale ambao kesho wataamua jiko liwe na kimo gani, pampu ya maji iwe na mpini wa namna gani, na kiti kiwe na magurudumu mangapi, kabla kiwanda au karakana haijatoa hata kimoja.

Nikihukumu kwa vifaa vinavyotufikia huku vijijini, naona vijana hao wanafundishwa vizuri habari za chuma, moto na hesabu, lakini hawafundishwi vya kutosha habari za mtu atakayekitumia kitu chenyewe: anakaaje anapofanya kazi, anakula nini, anakula na nani, anaona haya juu ya jambo gani na anajivunia nini. Matokeo yake ni vifaa vyema kwa macho ya mtaalamu ambavyo havina kazi nyumbani kwa mwananchi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rungwe Mpya, Wilaya ya Kasulu. Sikusomea uhandisi. Lakini vifaa vinavyobuniwa mijini mwisho wake ni huku kwetu, na mara nyingi mwalimu ndiye anayeitwa kuandika majina ya wanaovipokea, kuwasomea watu maelezo yaliyo juu ya boksi, na baadaye kuulizwa kwa nini havitumiki. Kwa hiyo nazungumza juu ya mambo ninayoyaona.

Jambo hili lina haraka. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia. Hilo ni lengo jema kabisa. Moshi unawaumiza mama zetu macho na vifua, na misitu ya Kigoma inakwisha. Lakini ili lengo hilo litimie itabidi majiko mengi sana yabuniwe, yatengenezwe na kusambazwa, na kugawa jiko si sawa na kulitumia. Kama wanaoyabuni hawajui jinsi tunavyopika, tutahesabu majiko yaliyogawiwa huku chakula kikiendelea kupikwa kwenye mafiga.

MOTO WA MAFIGA UNA KAZI NYINGI

Nitatoa mfano. Miaka michache iliyopita walifika hapa vijana wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, wakiwa na jiko la bati walilolibuni wenyewe. Lilikuwa jiko zuri. Walichemsha maji mbele ya wananchi, wakapima kuni kabla na baada, wakatuonyesha kwamba kuni zilizotumika ni chache kuliko za mafiga. Watu walipiga makofi. Kaya kadhaa zikapewa majiko hayo, na vijana wakaondoka na picha zao. Baada ya msimu mmoja wa mvua jiko moja lilikuwa limegeuzwa pipa la kuwekea majivu, jingine kuku alikuwa analalia mayai ndani yake, na akina mama walikuwa wamerudi kwenye mafiga yao.

Je, akina mama hao ni wavivu au hawapendi maendeleo? Hapana. Vijana wale walipima maji yanayochemka, lakini huku hatuli maji yaliyochemka. Tunakula ugali, na mara nyingi ni ugali wa muhogo, ambao ni mzito. Anayeusonga hukaa kwenye kigoda, hushikilia sufuria lisizunguke, na hutumia nguvu za mabega yote mawili. Familia ikiwa ya watu wanane au kumi, sufuria ni kubwa na mwiko ni kama mpini wa jembe. Jiko jepesi lililo juu ya miguu mitatu myembamba haliwezi kuhimili kazi hiyo. Linayumba, na mama mwenye mtoto mgongoni hathubutu kulitumia mara ya pili. Ndivyo ilivyo pia kwa jiko la gesi la mtungi mdogo ambalo sufuria hukaa juu kabisa ya mtungi. Kwa chai na mchuzi ni zuri sana, lakini kwa ugali wa watu kumi mpishi analiogopa, na ana haki ya kuliogopa.

Tena kupika ni kazi moja tu ya moto wetu. Kasulu ni nyanda za juu, na miezi ya Juni na Julai usiku kuna baridi, kwa hiyo moto ule ule unaopika ndio unaowapasha joto wazee na watoto. Mahali pasipo na umeme, moto huo ni taa ya jioni. Kwenye majivu yake watoto huchoma viazi na mahindi. Juu yake, kwenye dari, hutundikwa mahindi ya mbegu, na moshi huyakausha na kufukuza wadudu wanaoyatoboa. Moshi huo huo huzuia mchwa na wadudu wengine kula miti na nyasi za paa. Zaidi ya hayo, kuuzunguka moto ndipo bibi huzungumza na wajukuu, na mkwe mgeni hufundishwa desturi za nyumba aliyoolewa.

Sasa mbunifu anapoleta jiko dogo lililofungwa pande zote, lisilo na mwanga, lisilotoa joto nje na lisilo na majivu ya kuchomea kiazi, yeye anaona amepunguza kuni. Mama anaona amepewa kitu kimoja na kunyang'anywa vitano. Mtu hawezi kulaumiwa akikataa biashara ya namna hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba mapishi ya watu maskini ni ya namna moja. Wilayani kwetu ipo Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Mkongo anataka sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, itwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mrundi maharage yake ndiyo kila kitu. Mtu akiwabunia wote jiko moja kwa sababu tu wote wanaitwa wakimbizi, atakuwa amekosea kabla hajakata bati.

MGENI HAAMBIWI NENO BAYA

Wengine watasema kwamba wataalamu huwa wanauliza. Ni kweli wanauliza, na fomu zao nimewahi kuzisoma. Lakini hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa ubunifu asipofundishwa hatalijua kamwe. Kwetu mgeni aliyekuja na zawadi haambiwi kwamba zawadi yake ni mbaya. Akiuliza, "Mama, jiko umelipenda?" atajibiwa, "Nimelipenda sana mwanangu, Mungu akubariki." Yeye ataandika kwamba jiko limependwa. Mama hakukusudia kumdanganya. Amemtunzia heshima yake, kama alivyofundishwa na mama yake.

Tena katika mkutano wa hadhara wanaojibu maswali kwa kawaida ni wanaume, ambao wengi wao hawajasonga ugali tangu wazaliwe. Mwanafunzi akirudi chuoni na majibu ya mkutano, amerudi na maoni ya watu wasiopika. Anatakiwa afundishwe kuketi jikoni, kunyamaza na kutazama. Anatakiwa pia afundishwe kurudi baada ya miezi mitatu bila kupiga hodi ya mradi, aone kifaa chake kiko wapi. Kikiwa na masizi na kimechakaa, kimependwa. Kikiwa kinang'aa juu ya kabati, hicho kimekataliwa kwa adabu.

MIFANO YA NCHI NYINGINE

Makosa haya si yetu peke yetu. Yako hata kwa matajiri. Afrika ya Kusini palibuniwa pampu inayoitwa PlayPump, ambayo watoto huizungusha kama pembea na maji yakapanda kwenye tangi. Wazo lilipendeza mno. Mwaka 2006 huko Marekani zikatangazwa zaidi ya dola milioni 16 kwa ajili ya kuzieneza, na lengo likawa pampu 4,000 katika nchi za Afrika ifikapo mwaka 2010. Lengo hilo halikufikiwa. Watoto walichoka kucheza, kama watoto wote wanavyochoka, nao wenye kuhitaji maji alfajiri walikuwa akina mama. Mahali pengi walikutwa wanawake wazima, pamoja na vikongwe, wakizungusha kwa mikono kitu kilichobuniwa kwa ajili ya michezo ya watoto. Wengine walikuwa na pampu ya mkono kabla, nayo ikang'olewa kuipisha hiyo mpya. Hivi mbunifu angekaa kisimani kwa juma moja tu, asingeliona jambo hilo?

Kwa upande mwingine ipo mifano mizuri, tena ya hapa hapa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1983, huko Kwale katika pwani ya Kenya, zilijaribiwa pampu za mkono za visima chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Shida iliyokuwapo ilikuwa ile ile tunayoijua sisi: pampu ikiharibika, wanakijiji wanamsubiri fundi wa serikali mwenye gari na vyuma vizito. Pale Kwale waliangalia nani anateka maji na nani yuko nyumbani pampu inapoharibika, wakaona ni mwanamke. Kwa hiyo pampu ikafanywa iwe ya kufunguliwa kwa spana moja, vipuri vyake viwe vyepesi vya kutolewa kisimani bila mashine, na akina mama wakafundishwa kuitengeneza. Kutokana na kazi ya Kwale, na ile iliyofanywa Malawi, ikapatikana pampu ya Afridev, ambayo imeenea katika nchi nyingi.

Chukua pia lile jiko la mkaa la Kenya lenye udongo wa kuchoma ndani yake, lililoanza kutengenezwa miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la Thailand, lakini halikuletwa kama lilivyo. Umbo lake likafanana na jiko la bati ambalo watu walikuwa wamelizoea, pana juu na chini, na jembamba kiunoni, likakaa imara wakati wa kusonga. Tena kazi ya kulitengeneza ikafanywa na mafundi wa jua kali, ambao wanaishi mtaa mmoja na wanunuzi wao na husikia malalamiko siku hiyo hiyo. Leo jiko la namna hiyo liko hata katika miji yetu.

Hata kanga zinatufundisha. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko la pwani yetu, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumwamuru mwanamke wa Zanzibar au Mombasa avae nini. Mwanamke alitaka pindo, mji na jina, na alitaka jina liseme neno la kumgusa jirani, mume au mke mwenza. Kanga yenye jina lisilo na ladha ilibaki dukani. Wafanyabiashara hao hawakuwa wataalamu wa mila, lakini walijua kwamba asiyemsikiliza mvaaji hapati fedha. Taabu yetu ni kwamba vifaa vya misaada havina adhabu hiyo. Kifaa kikishindwa, aliyekibuni hapotezi hata senti.

Nitaongeza mfano mmoja unaohusu wanafunzi hasa. Huko London, David Constantine, ambaye alipooza baada ya ajali ya mwaka 1982, alisomea ubunifu wa vifaa katika Royal College of Art. Yeye na mwenzake walibuni kiti cha magurudumu kwa ajili ya nchi maskini. Hawakuishia kwenye karatasi. Walikwenda Bangladesh kukitengeneza huko huko kwa vifaa vinavyopatikana madukani, na mwaka 1991 likaundwa shirika la Motivation. Shirika hilo baadaye lilishirikiana na chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko KCMC, Moshi, kufundisha mafundi wa viti vya magurudumu. Hapo mbunifu na mtumiaji walikuwa mtu mmoja. Sisemi kila mbunifu wa viti awe mlemavu. Nasema asiyekitumia kitu anahitaji kujifunza kutoka kwa anayekitumia, kwa sababu hataweza kukibahatisha.

SI KILA MILA NI YA KULINDWA

Najua yupo atakayesema kwamba mwalimu huyu anatetea mambo ya kale, na kwamba mila nyingine zinafaa kuachwa. Nakubaliana naye kwamba nyingine zifaa kuachwa. Mila ya kumfanya binti atembee mwendo mrefu kutafuta kuni huku kaka yake akiwa anasoma siitetei hata kidogo. Moshi nao siutetei, kwa maana naona wanafunzi wangu wanavyokuja shuleni wakikohoa.

Ninachosema ni kwamba mwenye kutaka kuondoa kitu lazima ajue kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi gani, ili aweke kingine mahali pake. Ukiondoa moshi, leta na njia ya kuhifadhi mbegu. Ukiondoa mwanga wa moto, leta na taa. Ukibadili mahali pa kupikia, uliza bibi na wajukuu watakaa wapi jioni. Mbunifu aliyefundishwa hivyo ataweza hata kubadili mila, kwa sababu watu watamfuata kwa hiari. Asiyefundishwa hivyo atawalaumu wananchi kwa ujinga, na mwaka unaofuata ataleta jiko jingine.

NASHAURI HIVI

Sisi walimu tunapokuwa vyuoni hatupewi cheti kwa kuandika andalio la somo zuri. Tunapelekwa katika shule za msingi kufanya mazoezi ya kufundisha mbele ya watoto wa kweli, na mkufunzi hukaa nyuma ya darasa akiangalia kama watoto wanaelewa au wanasinzia. Andalio linaweza kuwa safi kabisa, lakini watoto wakisinzia unapata alama ndogo. Naona wanaosomea kubuni vifaa wangefaa kupimwa kwa utaratibu kama huo.

Kwa hiyo kwanza, nashauri vyuo vyote vinavyofundisha kazi hii, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, mpaka vyuo vya VETA, vihakikishe kwamba mwanafunzi anaishi na watu watakaotumia kifaa chake kabla hajachora mstari wa kwanza. Asikae katika nyumba ya wageni ya mjini akija na gari asubuhi. Akae kijijini, ateke maji, apike, ale alichopika.

Pili, alama za kifaa zisitolewe na wakufunzi peke yao. Sehemu yake itolewe na watumiaji, tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuangalia kama kifaa kinatumika. Wasichana wanaosoma fani hii wahimizwe kwenda majikoni, maana huko wataambiwa mambo ambayo kijana wa kiume hataambiwa na mama anayelingana na mama mkwe wake.

Tatu, lugha ya kazi hiyo iwe Kiswahili, na pale inapobidi lugha ya nyumbani. Mama wa Kasulu anajua mengi juu ya moto, lakini hayawezi kuingia katika fomu ya Kiingereza iliyojazwa na mtu mwingine kwa niaba yake.

Nne, SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, na CAMARTEC ya Arusha, ambazo kazi yake ni kuwafikia wananchi kwa zana na ufundi, ziwaunganishe wanafunzi hao na mafundi wa vijijini: mfua chuma, mfinyanzi, seremala. Hao wanawajua wateja wao kwa majina, na ndio watakaokitengeneza kifaa kikiharibika.

Tano, elimu hii isingoje chuo. Tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali. Mtoto anayefundishwa kutengeneza kigoda apewe kazi ya kumtengenezea bibi fulani mwenye maumivu ya magoti, akampime, amuulize, akirudishiwa akirekebishe. Atakuwa amejifunza somo la ubunifu ambalo halitamtoka. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Onyo hilo linamhusu pia kijana aliye mbele ya kompyuta akichora jiko la mama ambaye hajapata kumwona akipika.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Ujuzi wa chuoni ni jifya moja. Fundi wa kijijini ni la pili, na mama anayepika ni la tatu. Mpaka sasa naona tunajaribu kuinjika kwa la kwanza peke yake, na chungu kinaanguka.

Naomba Wizara ya Elimu na wakuu wa vyuo walifikirie jambo hili mapema. Kama wapo wanafunzi wanaotaka kujifunza jinsi ugali wa muhogo unavyosongwa, waje Rungwe Mpya. Akina mama wa hapa watawafundisha bila malipo, mradi waje na mikono mitupu mara ya kwanza, wasije na jiko.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rungwe Mpya,
Kasulu, Kigoma.